Yule fundi wa "Linux imeunguza kioo", leo sinyamazi

Mgogo wa Kibodi:
Mbukwenyi wakuu. Salamu ziishie hapo, nina hasira.

Yule fundi mnamjua. Jina silitaji, mtaa siutaji, mnamjua: yule ambaye hata umpelekee pasi atakwambia "tuipige Windows". Leo, wateja wamejaa mpaka mlangoni, kaona laptopu ya zamani ina kioo cheusi, kaona stika ya pengwini, nembo ya Linux, mfumo ninaoutumia badala ya Windows, akatangaza kwa sauti ya mnadani: "Hii Linux yako imeunguza kioo."

Imeunguza. Kioo. Programu! Kina mama waliokuja kutoa kopi wakanipa pole.

Hata tochi hakuwasha. Kioo kikiwa cheusi, unazima taa ya chumba, unamulika tochi ya simu kwa ubavu. Ukiona picha hafifu, kioo ni kizima, iliyokufa ni taa ya nyuma au inveta, yaani kisakiti kinachoipa umeme. Usipoona kitu, bonyeza Ctrl+Alt+F3 kwa pamoja. Yakija maandishi ya kuomba jina na nywila, mashine iko hai. Ingia usome /var/log/Xorg.0.log, kumbukumbu ya Xorg (programu inayochora picha kwenye kioo), mistari yenye alama EE, yaani makosa. Na kama nembo ya kiwanda inaonekana, halafu giza linaingia baada ya GRUB, ile menyu ya kuchagua mfumo wa kuwasha, hapo shuku draiva, programu inayoendesha kadi ya picha. Shikilia Shift ukiwasha ili menyu ya GRUB itokee, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, mwisho wake ongeza nomodeset, neno linalozuia draiva ya kadi isishike kioo, kisha F10. Ikiwaka, kioo hakijaungua!

Dakika mbili hizo. Yeye kazitumia kuwatangazia watu kwamba Linux imeunguza kioo. Halafu eti elfu thelathini apige Windows. Kwenye kioo kilichoungua! Hiyo Windows ataiangalia wapi?

Vumbi la Nzuguni:
"Ataiangalia wapi" 😂😂 nimekaa pale.

Ila mkuu punguza povu. Hiyo nomodeset mnaigawa hovyo, mtu anaiacha kwenye /etc/default/grub, mipangilio ya kudumu ya GRUB, mwaka mzima, kisha analalamika video zinakwama na mwanga haupungui. Ni ya kuingilia ndani tu. Ukiiacha, kadi haifanyi kazi yake, prosesa ndiyo inachora kila kitu, na mara nyingi unabaki na 1024x768. Ukishaingia, piga

lspci -k | grep -A 3 VGA

utazame mstari wa "Kernel driver in use". Kama haupo hata ukiwasha bila nomodeset, na kadi ni Radeon kwenye Linux ya aina ya Debian, weka firmware-amd-graphics, yaani fimwea, programu ndogo inayolishwa kadi yenyewe. Debian 12 ya 2023 inakuja na fimwea kwenye diski yake, za nyuma ilibidi ufungue non-free, hazina ya programu zisizo huria, mwenyewe. Kadi za NVIDIA GeForce za mfululizo wa 8000 na 9000, draiva ya mwisho ya kiwanda ni 340.108 ya mwaka 2019. Kwenye kerneli mpya, yaani kiini cha Linux, haijengeki bila viraka. Baki na nouveau, draiva huria, uishi kwa amani.

Zabibu Chungu:
Mleta uzi, hiyo laptopu ni ya enzi zipi? Maana kuna chipu za NVIDIA za laptopu za 2007 na 2008 zilizotoka na kasoro kiwandani, joto likipanda na kushuka viungio vyake vinaachia. Mistari ya rangi ikionekana hadi ndani ya BIOS, ile programu ya mashine inayotangulia mfumo wowote, Linux haihusiki, nomodeset haisaidii. Huenda jamaa kapatia kwa bahati.

Mgogo wa Kibodi:
BIOS hakufungua, kafungua mdomo! IMEUNGUZA KIOO, Zabibu! Mbele za watu!

Zabibu Chungu:
Pole mfiwa 😂

Dada wa Makole:
Nyie mnalilia fundi, mimi namtaka yule muuza waya za VGA, zile za kuunganisha monita, naye mnamjua. Waya mpya, monita ya 1440x900, Linux inang'ang'ania 1024x768. Geuza plagi uhesabu pini, safu tatu za tano tano. Ya 9 kukosekana ni kawaida. Zikikosekana ya 12 na ya 15, yaani ya pili na ya mwisho kwenye safu ya 11 hadi 15, monita haiwezi kujitambulisha kwa kompyuta, na hakuna draiva itakayokuokoa. Za kwake hizo pini hazipo!

Vumbi la Nzuguni:
Dada kama huna waya mwingine, kwenye Xorg piga cvt 1440 900, mstari wa Modeline unaopata unakili, bila neno Modeline lenyewe, baada ya xrandr --newmode, kisha xrandr --addmode VGA-1 na jina la modi hiyo, kisha xrandr --output VGA-1 --mode na jina hilohilo. Viweke kwenye ~/.xprofile, la sivyo ukizima vinapotea. Jina VGA-1 lihakiki kwanza kwa xrandr tupu.

Fundi Mwenzie:
Na sisi mafundi tuseme. Mnaleta mashine feni imeziba vumbi la Dodoma tangu inunuliwe, kadi inachemka, picha inaganda, mnasema draiva. Peperusha kwanza, badilisha pesti ya kupitisha joto.

Kizota Mashariki:
Kompyuta ya mezani, Intel ya zamani, inadhani ina kioo cha pili ambacho hakipo, madirisha yanafungukia huko. Nani anajua?

Vumbi la Nzuguni:
Hiyo ni LVDS hewa, yaani tundu la kioo cha laptopu ambalo kompyuta inadhani linatumika. Ongeza video=LVDS-1:d kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub, kisha sudo update-grub.

Mgogo wa Kibodi:
Jamani, uzi wangu?

Kizota Mashariki:
Imekubali mkuu, ubarikiwe. Dada wa Makole, waya mzuri wa VGA wa kufika kwenye projekta, mita tano, nauchaguaje?

Dada wa Makole:
Chukua mnene wenye vivimbe vyeusi pande zote mbili, mwembamba picha inaweka vivuli kwa urefu huo. Na usilipe kabla hujahesabu pini.