Chizikeki inapasuka katikati kila mara, nifanyeje?

Shiru_Donholm
Habari zenu wadau, naombeni msaada. Hii ni mara ya tatu nachoma chizikeki ile ya New York, krimu chizi (ile jibini laini) na mayai manne, chini biskuti nimesaga na siagi, naichoma saa moja na nusu. Ikitoka kwa oveni iko poa kabisa, nikienda kuosha vyombo nikirudi napata ufa umetoka huku mpaka kule. Besdei ya mathe ni Jumamosi na krimu chizi vile iko bei siwezi nunua ya kuharibu tena.

MamaTatu
Pole mami. Hiyo ni kuiva kupita kiasi, mayai yanakaza, halafu ukiitoa ghafla kwa baridi keki inanywea na bado imeshikana na kando za chombo, sasa itaenda wapi kama si kupasuka? Punguza hadi saa moja hivi, zima wakati katikati bado inatetemeka kama uji mzito ukitikisa chombo. Fungua mlango wa oveni kidogo, iache humo ipoe. Na ukitoa pitisha kisu kando kando. Pia weka chombo ndani ya trei ya maji moto, ufunge foili vizuri chini maji yasiingie, ju maji hayawezi pita joto la kuchemka, na hapa Nairobi ni kama digrii 94 tu, so kando haziungui kabla katikati haijashika.

Kevo_wa_Keki
Ama uchome ile ya Wabaski. Ilianzia La Viña, mkahawa wa San Sebastián huko Uhispania, 1990. Haina biskuti, unaweka karatasi tu, oveni moto sana, juu inaungua mpaka karibu nyeusi na ndani inabaki laini. Hiyo ufa hakuna mtu ataona.

Nyanya_Jikoni
Shiru mwanangu, usilie na bei ya krimu chizi. Hiyo ni ya Wamarekani. Wajerumani wanatumia kwaki, ambayo ni maziwa yaliyoganda yakachujwa, Waitaliano wanatumia rikota, kila mtu anachukua jibini ya kwao. Sisi tuko na mala, maziwa yetu ya kuchacha! Mimi humwaga paketi nne za nusu lita kwa kitambaa safi, nafunga, natundika kwa bomba la sinki usiku mzima na sufuria chini. Asubuhi napata kama vikombe viwili na nusu, nyeupe, nzito, inasimama kwa kijiko. Naongeza mayai matatu, sukari robo tatu kikombe, konflawa vijiko viwili vikubwa ndio maji yasitoke, na ganda la ndimu limekwaruzwa. Ina uchachu mtamu sana, hata naipenda kuliko ile ya duka.

Shiru_Donholm
Nyanya asante sana!! Mala nishatundika, inadondoka saa hii. Kesho nachoma na trei ya maji vile MamaTatu amesema, nitawaletea picha.