Spika ya studio ya kushoto inavuma hata nikichomoa kebo, wakuu nisaidieni

sauti_ya_uani
Wakuu habari za saa hizi. Nina spika mbili za studio, zile zenye ampu ndani kwa ndani, inchi 5, nilizichukua mtumba miaka 7 iliyopita na ndo zinanilisha mpaka leo, narekodi kwaya na wasanii wa hapa mtaani Mwananyamala. Sasa wiki ya tatu hii ya kushoto inavuma mmmmm mzito, mwanzo nlikua nausikia usiku tu watu wakilala, saivi nausikia hata feni ikizunguka. Nikishusha volyumu ya nyuma haupungui, nikichomoa kebo ya sauti inayotoka kwenye intafesi (kile kiboksi cha kuingiza na kutoa sauti ya kompyuta) bado upo palepale. Ya kulia haina shida. Jumamosi akina mama wa kwaya wanakuja kumalizia nyimbo 4 na kwa hali hii siwezi kujua besi ipi ni ya wimbo na ipi ni ya spika. Kuna fundi kaniambia ninyofoe pini ya ethi, ile ya waya wa ardhini, kwenye plagi mvumo utakata. Nifanye hivyo?

bitinapiano
Pole mkuu. Mi ilinitokea hivyohivyo ikawa ni mzunguko wa ethi, yani vifaa vinaunganika kwa ethi na kwa kebo ya sauti umeme unazunguka humo, laptopu ilikua inakula umeme soketi ya ukutani na spika ziko kwenye ekstensheni ya chumba kingine, nilivyochomeka vyote sehemu moja ukaisha. Jaribu hiyo kwanza haina gharama.

fundi_saketi
Mkuu hapo juu umesema vizuri ila soma tena alichoandika, kachomoa kebo na bado inavuma. Mzunguko wa ethi unahitaji njia ya kuzunguka, ukishachomoa kebo ya sauti hiyo njia imekatika. Na volyumu haigusi mvumo, maana yake unaingia baada ya volyumu. Tatizo liko ndani ya spika, na mimi nashuku kapasita kubwa za kuchuja umeme, zile kama vikopo zinazotunza chaji.

Kabla hujafungua hakikisha kwanza. Weka sikio karibu na koni halafu karibu na mgongo wa boksi. Kama sauti inatoka mgongoni na koni imetulia, hiyo ni transfoma yenyewe inatetemeka, kaza skrubu yake. Kama inatoka kwenye koni, washa kinanda upige kwenye spika nzima, ile ya kulia, noti ya G, ile ya hezi 98, uilinganishe na mvumo. Umeme wetu ni hezi 50, ukipita kwenye daraja la dayodi (linalogeuza AC kuwa DC) unatoka na mawimbi 100 kwa sekunde, na kapasita ikichoka ndo hayo mawimbi yanavuka mpaka kwenye spika. Mvumo ukikaribiana sana na hiyo G basi unajua pa kushika.

Na ethi USINYOFOE. Waya wa moto ukilegea ndani ukagusa lile bati la nyuma, ethi ndo inafanya fyuzi au breka ikate, bila hiyo bati linakaa na volti 230 likimsubiri atakayeligusa.

mama_mikrofoni
Naunga mkono la ethi kwa nguvu zote. Kwaya wanashika maiki za chuma, wengine wako pekupeku kwenye sakafu ya sementi. Mdogo wangu uangalie na soketi zenyewe, nyumba nyingi za kupanga zina tundu la ethi lakini nyuma yake hakuna waya wowote.

sauti_ya_uani
Nimepiga G, inafanana kabisa, inatoka kwenye koni. Nina mita na solda, naanzaje?

fundi_saketi
Safi. Chomoa umeme, fungua bati la nyuma taratibu maana kuna nyaya za spika zimeshika. Angalia kama kuna transfoma nzito. Kama hakuna, yani ni ile saplai nyepesi kama ya kompyuta, ishia hapo mpelekee fundi, kapasita yake ya mbele inakaa na volti kama 325 hata ukishachomoa. Kama transfoma ipo, weka rezista ya kiloomu 1 wati 5 kwenye miguu ya kila kapasita kubwa nusu dakika, pima mpaka ziwe chini ya volti 1 ndo uguse. Piga picha upande wa hasi kabla hujang'oa. Mpya ziwe mikrofaradi zilezile, volti zisipungue, chukua za nyuzi 105. Badilisha zote mbili kwa pamoja. Ukiona gundi ya kahawia kwenye miguu yake ikwangue yote, ile ikiungua na joto la miaka inaanza kupitisha umeme. Mara ya kwanza kuwasha pitisha umeme kwenye balbu ya zamani ya wati 60, iungwe kwenye waya wa moto kwa mfululizo. Ikimulika kidogo na kufifia uko salama, ikibaki inawaka kwa nguvu zima.

sauti_ya_uani
Wakuu!! Transfoma ilikuwepo. Kapasita mbili za mikrofaradi 4700 volti 50, moja kichwa kimevimba na chini yake gundi imekua nyeusi kama lami, nimeipima ikasoma 1100 tu. Mpya nimezipata Kariakoo elfu 8 zote. Balbu imemulika ikafifia, mikono ilikua inatetemeka lakini mvumo HAKUNA. Kimebaki kitu kimoja, nikichomeka chaja ya laptopu nasikia ziiii nyembamba spika zote mbili, nikichomoa inaisha.

fundi_saketi
Hongera sana kaka. Hiyo sasa ndo ya bitinapiano, mzunguko wa ethi. Unatumia kebo za RCA, zile zenye pini moja katikati na duara la chuma nje?

sauti_ya_uani
Ndio, RCA.

fundi_saketi
Kwenye RCA ile ngao ya nje ndo njia ya kurudishia sauti, kwa hiyo uchafu wa chaja unapita humohumo. Kama intafesi ina matundu ya TRS (ya jeki yenye migusano mitatu) nunua kebo za TRS za nyaya mbili ndani, spika inachukua tofauti ya hizo nyaya na uchafu unaoingia kwa zote unafutika. Kama haina, weka transfoma ya kutenganisha sauti katikati. Halafu ile ya kulia ina umri uleule, ifungue uangalie gundi.

sauti_ya_uani
TRS nimeweka, kimya kabisa, akina mama wamerekodi zote 4 na chaja ikiwa imechomekwa. Ya kulia naifungua Jumapili mchana nikitoka ibadani, ntaweka picha za hiyo gundi hapa.