Mjadala: Hakimiliki ya miaka 70 baada ya kifo inamlinda nani?

Wadau, naleta hoja. Marekani imerefusha muda wa hakimiliki kupita kiasi, na wanaoumia ni wasomaji na watunzi wapya.

Katiba yao inaruhusu kumpa mtunzi haki ya pekee kwa muda wenye kikomo, ili elimu na sanaa zisonge mbele. Sheria ya 1790 ilitoa miaka 14, na mtunzi akiwa bado hai aliweza kuihuisha haki hiyo kwa 14 mingine. Leo ni uhai wake wote na miaka 70 juu.

Kinachonikera hasa ni nyongeza ya 1998. Bunge liliongeza miaka 20 hata kwa kazi zilizokwisha kutungwa. Tunaambiwa hakimiliki ni kichocheo cha kutunga. Sawa, lakini marehemu unamchochea atunge nini? Vitabu vilivyochapishwa 1923, ambavyo vingekuwa mali ya umma (yaani huru kwa yeyote kuvitumia) mwanzoni mwa 1999, vilisubiri hadi Januari 1, 2019. Suala la nyongeza hiyo lilifika Mahakama ya Juu katika kesi ya Eldred, na mwaka 2003 Bunge likashinda kwa majaji 7 dhidi ya 2. Mwaka 2012, katika kesi ya Golan, mahakama hiyo hiyo ikakubali kwamba hata kazi za kigeni zilizokuwa tayari mali ya umma zinaweza kurudishiwa hakimiliki. Yaani orkesta iliyozoea kupiga muziki fulani bure ikajikuta inadaiwa malipo!

*Jibu:*
Mkuu, hapo sikubaliani nawe. Nyumba ya marehemu hurithiwa na hakuna anayelalamika. Kwa nini jasho la mtunzi lisiwafae mjane na watoto? Isitoshe, sheria inaruhusu matumizi ya haki, yaani kutumia kazi ya mtu bila idhini yake kwa kiasi kinachofaa: nukuu, hakiki, fundisha. Nani kakuzuia?

*Mleta hoja:*
Ndugu, matumizi ya haki ni utetezi unaoutoa ukishashtakiwa. Kifungu cha 107 cha sheria yao ya hakimiliki kinataja vigezo vinne: lengo la matumizi, aina ya kazi, kiasi ulichochukua na athari kwa soko lake. Hakisemi maneno mangapi yanaruhusiwa. Kesi ya Campbell ya 1994, kuhusu wimbo wa kuigiza wimbo mwingine kwa dhihaka, ilibidi ifike Mahakama ya Juu. Mtunzi asiye na pesa ya wakili ataacha tu.

Kuhusu warithi, tazama zamani ilikuwaje. Sheria ya 1909 ilitoa miaka 28, kisha mwenye haki anahuisha kwa 28 mingine. Ofisi ya Hakimiliki ilipochunguza, ilikuta zinazohuishwa hazifiki asilimia 15. Waliobaki hawakuona faida ya kuendelea, na kazi zao zikawa za wote. Mwaka 1992 uhuishaji ukafanywa wa moja kwa moja, mchujo ule ukafa. Sasa kitabu ambacho mwenyewe hajulikani kinafungiwa sawasawa na kile kinachouzwa kila siku, na maktaba inaogopa kukiweka mtandaoni.

Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unadai uhai na miaka 50 bila masharti ya usajili. Basi hiyo 50 tuiache kama ilivyo. Ile miaka 20 ya ziada apewe atakayeisajili kwa ada ndogo. Kufikia hapo mjane wako huenda hayupo tena. Tunazungumzia wajukuu, au kampuni iliyonunua haki. Nao kujaza fomu moja kutawadhuru nini?