Sahihi kwanza, bandeji baadaye: bosi huyu mnamjua

Fundi wa Namanve
Ndugu zangu, ninaandika hasira ikiwa bado imenikaba kooni. Jina lake silitaji kwa sababu halihitajiki: kila aliyewahi kuchomelea vyuma huku Namanve, eneo la viwanda karibu na Kampala, analijua gari lake jeupe, na anajua jinsi anavyohesabu misumari kila jioni kana kwamba tunaila. Leo kabla ya chakula cha mchana diski ya grainda ilipasuka ikamchana mwenzetu kiganja, damu ikaruka hadi kwenye mabati, nasi sote tukakimbilia sanduku la huduma ya kwanza. Sanduku hilo lina kufuli, ufunguo wa kufuli hulala katika mfuko wa suruali ya bosi, na bosi mwenyewe alikuwa kwenye kwanjula, sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya ndoa, ya mpwa wake. Benki Kuu ya Uganda haina ulinzi wa namna hiyo.

Alipofika, tukiwa tumeshamfunga majeruhi kwa fulana ya mtu, hakuuliza ameumia wapi. Alifungua sanduku, akatoa bandeji moja, akaishikilia mkononi, kisha akamwambia mtu anayevuja damu: "Weka sahihi kwanza." Alikuwa amekuja na daftari la makato ya mshahara! Na mkono uliochanika ndio mkono wa kuandikia!

Ninyi hebu fikirini. Bandeji iko mkononi mwake, damu inadondoka sakafuni, naye ananyoosha kalamu. Ndani ya sanduku niliona chaja ya simu, majani ya chai na plasta ambazo nadhani zilinunuliwa enzi za Amin. Hakukuwa na glavu wala shashi safi hata kipande kimoja. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini tangu mwaka 2006, inayomtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake, lakini kwetu ulinzi umewekewa kufuli. "Weka sahihi kwanza"! Mtu mzima, mwenye watoto, aliyatamka maneno hayo mbele ya damu.

Mama wa Kawempe
Pole sana kwa mwenzenu, mwanangu. Huyo namjua, na kaka yake ndiye aliyekuwa bosi wangu, kwa hiyo ukoo wote ni wa madaftari. Je, mgonjwa amefikishwa hospitali?

Fundi wa Namanve
Amefika, mama, kwa bodaboda tuliyoichangia wenyewe. Ameshonwa. Na sahihi aliiweka kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo sitalisahau hadi naingia kaburini.

Mzee wa Sheria
Kijana, umepiga kelele nyingi na hoja umeiacha njiani. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inambebesha mwajiri gharama za matibabu ya mtu aliyeumia akiwa kazini, na ajali hiyo inapaswa kufika kwa afisa wa kazi wa wilaya. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unazungumzia mipango ya huduma ya kwanza katika kifungu cha 18, na katika kifungu cha 21 unasema kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Daftari lile ndilo ushahidi wenu. Mmelipiga picha?

Fundi wa Namanve
Mzee, nilikuwa nimekandamiza kiganja cha mtu kwa mikono yote miwili. Ningeipiga picha kwa meno?

Kijana wa Katwe
Mnalia na mna sanduku! Sisi huku Katwe sanduku letu la huduma ya kwanza ni chupa ya mafuta ya taa na maneno ya fomeni kwamba mwanamume halii. Nyinyi wa Namanve mmedekezwa, bandeji mnaiona kwa macho kabisa.

Mzee wa Sheria
Mafuta ya taa kwenye kidonda ni hatari. Halafu mko wangapi hapo? Mkifika 20, mwajiri anatakiwa kuwa na kamati ya usalama.

Kijana wa Katwe
Tuko wengi, na kamati yetu ni fomeni peke yake.

Mpishi wa Bweyogerere
Afadhali nyinyi wa vyuma, kwa sababu watu huiona damu na kushtuka. Mimi napika katika shule, na mwezi uliopita uji ulimmwagikia msaidizi wangu kwenye paja, matroni akaleta dawa ya meno akampaka nene, ngozi ikaja ikatoka pamoja nayo siku ya kusafishwa.

Mama wa Kawempe
Lakini dawa ya meno hupoza, mimi nimelelewa nayo.

Mpishi wa Bweyogerere
Haipozi, dada yangu, inafungia joto ndani na kumtesa muuguzi anayekuja kuitoa. Kinachopoza ni maji safi ya bomba yanayotiririka juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20, kisha unafunika kwa kitambaa safi kisichonata. Nilifundishwa hivyo na watu wa Msalaba Mwekundu.

Kijana wa Katwe
Dakika 20 kwa maji gani? Kwetu maji hununuliwa kwa jerikani, na bosi huzihesabu.

Mama wa Kawempe
Na siagi je? Marehemu mama yangu alitumia siagi.

Mpishi wa Bweyogerere
Siagi pia hapana, wala unga, wala yai. Mafunzo yenyewe nililipa kwa pesa zangu, kwa sababu mkuu wa shule alisema kozi ya huduma ya kwanza ni starehe ya mpishi. Jiko linalisha shule nzima, na yeye anaiita starehe!

Mzee wa Sheria
Huyo mkuu wa shule, je, ni yule mwenye miwani ya dhahabu?

Mpishi wa Bweyogerere
Ndiye huyohuyo. Kumbe nawe umewahi kufanya kazi kwake?