Nimeambiwa nimeiba upishi wangu mwenyewe! Hizi blogu za roboti zitaachwa mpaka lini?

Tui_Zito:

Wakuu, leo sisalimii. Mikono inatetemeka, nikikosea herufi mtaelewa.

Saa nne asubuhi hii nimepigiwa simu na mteja wa Mbezi. Shughuli yake ni Jumamosi, sahani arobaini za samaki wa kupaka. Bei tulishakubaliana, na alfajiri nilishateremka Feri kuweka oda ya changu. Ananiambia hivi, neno kwa neno: "Dada, nimeghairi. Ule upishi ulionitumia nimeukuta Google kwa wenyewe. Usiibe kazi za watu."

USIIBE KAZI ZA WATU. Mimi!

Upishi ule ni wa bibi yangu wa Pangani, Mungu amrehemu. Nimeuandika kwenye blogu yangu usiku wa kuamkia Jumapili, picha nimepiga kwa simu hapa hapa jikoni kwangu Tabata. Mkono unaokamua ndimu pale ni WANGU. Una piko ya harusi ya mdogo wangu, haijafutika mpaka sasa ninavyoandika. Huyo "mwenyewe" mkono wangu kaupatia wapi?

Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Ni yule yule mwenye kila kitu duniani: matokeo ya mitihani anayo, dawa ya vidonda vya tumbo anayo, nauli za mabasi anazo, tafsiri za ndoto anazo, na sasa kaingia jikoni. Kwa siku anamwaga makala nyingi kuliko dagaa wanaoshushwa Feri. Hakuna binadamu anayeandika pale, ni mashine inakoroga usiku na mchana.

Nikafungua. Kichwa: "Samaki wa Kupakwa Rangi". Hatua ya kwanza: "Kaa juu ya mnyama wa mbuzi na ujikune nazi yako." Hatua ya tatu: "Kamulia chokaa mbili." CHOKAA jamani! Mtu akifuata hayo atakula ukuta. Na kabla hujafika kwenye kitunguu umeshapita matangazo sita, moja limeganda juu ya skrini, ukilifunga linafungua jingine. Tarehe wameweka ya mwaka jana. Mimi nimechapisha Jumapili, mwizi kachapisha mwaka jana!

Kinachoniua ni kwamba mama mzima na akili zake kasoma chokaa, kasoma mnyama wa mbuzi, bado akaona ile ndiyo asili na yangu ya wizi. Nikamuuliza, dada yangu, kwa nini? Akajibu: "Yao ndiyo ya kwanza. Yako nimeshuka mpaka nimechoka sijaiona."

Basi. Ukitokea juu, mali ni yako. Ukitokea chini, mwizi.

Usiibe kazi za watu! Mpaka jirani kaja kugonga mlango kuuliza kama kuna msiba.

msela_wa_Buza:

Nimekaa juu ya mnyama wa mbuzi nasoma huu uzi.

Kisamvu cha Jana:

Pole sana dada. Ila na wewe, mteja wa sahani arobaini unamtumia linki ya nini? Ungempikia sahani moja akaonja, yangeisha hapo.

Tui_Zito:

Aliniomba aone napikaje! Nimtumie nini, barua? Na hoja si linki, hoja ni kuambiwa NISIIBE KAZI ZA WATU na mtu ambaye ametoka kusoma chokaa.

Fundi_Waya:

Dada, huu ugonjwa ni wa siku nyingi. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, akili yao ilikuwa kwamba linki inayoelekea kwako ni kama kura. Watu wakajifunza kujipigia kura: mtu mmoja anafungua blogu mia tano, zote zinaelekezana zenyewe kwa zenyewe, na mashine inadhani pale pana mtu mkubwa. Mwaka 2003 ikaja AdSense, kila mwenye ukurasa akaweza kulipwa kwa matangazo, na wizi ukapata mshahara. Kufika 2005 blogu za aina hii zilishajaa kiasi cha kupewa jina lao, splogi.

Zamani walikopi na kupesti tu. Siku hizi makala inapelekwa Kiingereza kisha inarudishwa Kiswahili ili ionekane mpya. Kwa Kiingereza ndimu na chokaa ni neno moja, ndiyo maana ndimu zako zimekwenda Ulaya zikarudi chokaa. Na mbuzi wako wa kukunia nazi karudi na miguu minne.

Kuhusu kutangulia: wana programu inayovizia blogu yako, ukichapisha tu imeshachota. Google nayo hupita kwenye tovuti kubwa mara nyingi kuliko vijiblogu vyetu, kwa hiyo ya mwizi inaweza kuonekana kabla ya yako. Machi 2024 walitangaza kanuni mpya dhidi ya kurasa zinazotengenezwa kwa wingi, wakasema wanatarajia kupunguza takataka kwa asilimia 40. Kwa upande wa Kiswahili mimi bado naogelea humo humo.

Jaza fomu ya madai ya hakimiliki kule Google. Ambatanisha picha halisi ya simu yako, ile ya mkono wenye piko. Hawana jibu kwa hiyo.

Tui_Zito:

Asante kaka. Nitaijaza leo leo. Lakini oda ya Jumamosi fomu hainirudishii.

Mbagala Rangi Tatu:

Mwacheni dada alie, na mimi nina langu. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka, nilitakiwa leseni ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka. Blogu yenyewe ilikuwa ya ligi za mchangani, kipato chake kilikuwa soda na ahsante. Nikafunga. Leo roboti halina leseni, halijui Mbagala iko upande gani wa jiji, na linaandika habari za Mbagala kila siku.

Mama Wawili Kimara:

Afadhali nyie mnaongelea samaki. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mwanangu katafuta, ukurasa wa juu kabisa umeandikwa "bonyeza hapa kuona matokeo". Kabonyeza, akabonyezeshwa tena, na tena, bando la siku likaisha kwenye matangazo. Mtoto analia anadhani jina lake halipo. Kumbe matokeo yako bure kwenye tovuti ya NECTA yenyewe, ila ilikuwa imefukiwa chini ya hao wahuni.

msela_wa_Buza:

Afadhali bando. Mimi nilikuta "nafasi za kazi bandarini" nikatuma 20,000 ya fomu. Mpaka leo nasubiri kuitwa usaili.

Kisamvu cha Jana:

Bando lenyewe siku hizi linaisha hata ukiweka simu mfukoni. Hilo ndilo la kufungulia uzi.

Mama Wawili Kimara:

Hapo umenena mdogo wangu.

Bibi wa Unguja:

Samahanini, nimerudi juu kusoma upishi. Samaki wa kupaka kwa ndimu peke yake? Ukwaju uko wapi?

Tui_Zito:

Bibi shikamoo. Pangani tunatia ndimu. Lakini mimi nimeambiwa...

Bibi wa Unguja:

Marahaba. Bila ukwaju hicho ni kitu kingine, mwanangu.

Mzigua wa Handeni:

Ukwaju unaua ladha ya tui. Bibi tunakuheshimu ila hapo hapana.

Fundi_Waya:

Kwani siku hizi nani bado anakuna nazi? Si blenda tu?

Bibi wa Unguja:

Blenda! Tui la blenda linakatika kabla halijachemka.

Mzigua wa Handeni:

Kwa blenda niko na Bibi. Kwa ukwaju, siko naye.

Kisamvu cha Jana:

Mbuzi wa mninga, wale wa kukunja, bado wanauzwa Kariakoo? Wangu umeng'oka meno.

Mama Wawili Kimara:

Wapo, wapo na Tandika. Chagua wenye chuma kipana, ule mwembamba unapinda wiki ya kwanza.