"Nyumba ndogo inakodishwa": watu wananicheka, niandikeje?

MkarafuuWete: Asalaam aleikum wenzangu. Nina nyumba ya vyumba viwili huku Limbani, Wete, natafuta mpangaji. Nimetundika kibao: "Nyumba ndogo inakodishwa. Umeme upo, maji madogo." Basi vijana wa barazani hawana kazi nyengine ila kunicheka. Mmoja kaniuliza kama mke wangu ana habari. Nisaidieni, kosa liko wapi?

BintiMkoani: Hahaha! Yakhe, hapo kwenye nyumba kisarufi huna kosa. Lakini siku hizi nyumba ndogo ni hawara, yule wa kufichwa. Sasa wewe umemtangaza na kumkodisha juu yake!

MzeeWaBao: Na musichanganye na mke mdogo. Huyo kaolewa kwa mahari na mashahidi, mtaa mzima unamjua. Nyumba ndogo walii wake nani?

KijanaChake: Andika "kijumba" yaishe.

BintiMkoani: Kijumba kina dharau, atakuja mtu akupe kodi ya banda la kuku. "Jumba dogo" ndiyo usiseme, mtu atatafuta ghorofa. Na "kinyumba" uikimbie kabisa, tunajua wanaoishi kinyumba ni nani.

MwalimuSkuli: Mimi nimekwama kwenye hayo maji. "Madogo" ni ukubwa wa kitu chenye umbo lake: mawe madogo, macho madogo, madirisha madogo. Maji hatuyatazami umbo, tunatazama kiasi, na hapo "kidogo" haifuati ngeli: maji kidogo, chumvi kidogo, mafuta kidogo. Vyumba ukisema vidogo, umesema ukubwa. Vichache, umesema hesabu. Penye utata ni ngeli ya KI-VI, kwa sababu maneno yanagongana: "kitambaa kidogo" chaweza kuwa kipande kifupi au kiasi tu cha kitambaa, mpaka uone mtu anakusudia nini. Ila kwenye kibao, ndugu yangu, hiyo "ndogo" ya nini? Taja vyumba, mtu atapima mwenyewe.

KijanaChake: Au "nafasi finyu"?

MwalimuSkuli: Finyu ni ya kubanana. Nani atalipia kubanwa?

MkarafuuWete: Ahsanteni sana, kibao nakishusha. Nitaandika: "Nyumba ya vyumba viwili na ukumbi inakodishwa. Umeme upo." Hayo ya maji nitamwambia mpangaji akija.

BintiMkoani: Mwambie kabla hajatoa kodi.