Mrejesho: ile sed iliyokuwa inameza logi imekaa sawa

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Ni mimi wa Mwanza niliyeuliza kwa nini nikitumia sed (programu ya kuhariri maandishi kwa amri) kufuta kwenye logi, yaani kumbukumbu za wanaofungua saiti, vile vijimambo vya baada ya alama ya kuuliza kwenye URL, hesabu ya makosa ya 404 (ukurasa haukupatikana) inapotea yote. Saiti yetu ni ya bei za dagaa na sangara pale mwaloni Kirumba, wachuuzi wanaitegemea, kwa hiyo ilikuwa inaniuma kweli.

Amri yangu ilikuwa sed -E 's/\?.* / /'. Mstari kama huu:

"GET /bei/dagaa?siku=3 HTTP/1.1" 404 512 "-" "Mozilla/5.0 (Linux, Android 10)"

ulikuwa unatoka hivi:

"GET /bei/dagaa 10)"

Yaani ile .* (herufi zozote, ziwe ngapi) ina uroho, haisimami kwenye nafasi ya kwanza, inakimbia mpaka ya mwisho kabisa kwenye mstari, 404 nayo inaenda. Aliyenishauri niweke .*? (ile isiyo na uroho) namshukuru sana, kwenye lugha ya Perl inafanya kazi vizuri ila sed haina hiyo kitu, nilihangaika nayo usiku mzima umeme ukikatika na kurudi. Kilichotibu ni kuitajia kabisa isipite wapi:

sed -E 's/\?[^ "]*//g'

Isile nafasi wala alama ya nukuu, basi. Hiyo g (rudia mstari mzima) inasafisha na URL ya pale alikotokea mtu.

Tena jaribuni kwanza kwa mistari mitano ya mwanzo mliyoitoa kwa amri ya head, msikimbilie -i inayobadilisha faili lenyewe papo hapo, mimi logi za siku mbili sizipati tena.